Moshi wa Jikoni Kwako, Kasenyi

Yaya Furaha, mukubwa wangu,

Jambo yako huko Bunia, pamoja na watoto. Huku Kasenyi mvua haikati. Wakati nilikuwa nashuka mlima niliona moshi juu ya kila nyumba, nikafurahi, nikasema watu waliokimbia wamerudi. Kumbe nyumba ni tupu. Ni Mama Neema, jirani yako, anazunguka kila jioni na makaa ndani ya chungu, anawasha moto jiko kwa jiko.

"Nyumba bila moshi, muchwa wanakula nyasi yake, na watu wa bunduki wanajua iko tupu," aliniambia.

Tulikula sombe, majani ya muhogo, na samaki mukavu jikoni kwako. Nikamuuliza nani alimutuma kazi hiyo. Akakasirika: "Mutu anatumwa kwa jirani yake?"

Leo asubuhi risasi zililia karibu. Watoto wake wakamupandisha mutumbwi kwa nguvu, wakavuka naye ziwa kwenda Uganda. Chungu aliniwekea mukononi.

Busu watoto, Mungu awafunike. Jioni hii nimewasha kwako, nikawasha na kwake. Usiningoje upesi, yaya.

Mudogo wako,
Deo