Baba Anajibu Swali Ambalo Hakuulizwa

Shikamoo, mshauri wangu mpendwa. Mimi ni binti niliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ni mwoga wa kusema mbele za watu na ndiyo maana nimeona niandike, nakuomba unisaidie na jina langu ulihifadhi.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Chimala. Babu alihamia huku bonde la Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga, lakini baba aliacha fimbo akashika vyuma, na leo mashine ya kukoboa mpunga ikivunjika au tela likikatika, wanamletea yeye. Ni mkali kazini, kazi ya mwanafunzi haisifii mpaka aigonge kwa nyundo. Mwaka jana aliitwa Mbeya na wakala anayetafuta mafundi wa kwenda Kebeki, kule Kanada wanakozungumza Kifaransa, akapewa vyuma aviunganishe, wakaridhika na mkono wake, wakasema kilichobaki ni mtihani wa kuzungumza Kifaransa, na baba alirudi nyumbani anacheka peke yake, kwa sababu Kifaransa mimi nilikisoma shuleni Iringa nilipokuwa nakaa kwa mama mkubwa mtaa wa Mlandege. Akasema, "Mungu ameniwekea mwalimu humu humu ndani."

Basi kila jioni akitoka karakana anaoga, anavaa shati safi kama anakwenda kanisani, anakaa mbele yangu. Mshauri, baba amekariri kila nilichomwandikia, hakosei hata neno, ila haelewi anachoulizwa. Nikimwuliza kwa Kifaransa ana watoto wangapi, ananijibu kwamba amechomelea vyuma tangu ujana wake. Nikimwuliza hali ya hewa ikoje, ananiambia ana watoto watano. Anajibu kwa sauti nzito, kifua mbele, halafu ananitazama, na mimi nasema, "Vizuri, baba," kwa sababu kwetu mtoto hamkosoi baba, hata kumsalimu tu napiga magoti, sasa nitamwambiaje amekosea na wadogo zangu wako pale wanampigia makofi? Nilimdokeza mama, akanikata: "Usimvunje moyo baba yako. Wewe fundisha."

Juzi nilimpelekea chakula karakana, mafundi wakaanza kumtania, mmoja wao, nimwite Silvester, akasema, "Mzungu wa Chimala, hebu tumwagie hicho Kifaransa!" Baba akashusha sentensi zake bila kupumua, wakagonga mabati kwa furaha, kisha Silvester akanigeukia: "Eti mwalimu, anakijua kweli, au mzee anatupiga kamba?" Baba ananitazama huku anatabasamu.

Nikasema, "Anakijua."

Mtihani unafanyika Dar es Salaam mwezi ujao. Baba ameshapata mtu wa kumwachia karakana, na kwenye mnada wa mwisho wa mwezi huu anataka kupeleka ng'ombe wa mwisho walioachwa na babu ili amlipe wakala, na anafanya yote hayo kwa sababu mwalimu wake amesema yuko tayari. Nikisema ukweli namwaibisha, nikinyamaza ataaibika mbele ya wageni na ng'ombe watakuwa wamekwenda. Nifanyeje?

Mwalimu wa Baba, Chimala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Umebeba mzigo mzito kwa umri wako, lakini kamba yake umeikaza mwenyewe.

Heshima uliyolelewa nayo ni nzuri, usiitupe. Ila nikuulize: ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa jirani, na anayewachunga ni baba yako, utanyamaza kwa kuwa ni baba? Ungekimbia unamwita. Pale karakana hukumheshimu, ulimwogopa, ukamwacha asimame mbele ya wenzake juu ya kitu unachojua hakitambeba.

Na kuna jambo jingine. Nimeisoma barua yako mara mbili, natafuta mahali ulipoandika kwamba unataka baba aende. Sikupaona. Huenda kila "vizuri, baba" ilikuwa nusu heshima, na nusu kumshika shati asiondoke. Sikulaumu, Kebeki ni mbali na baba ni mmoja. Lakini kama ndivyo, mwambie kwa mdomo wako. Usiuachie mtihani ukusemee.

Usimtume mama, wala shangazi. Nenda karakana asubuhi, kabla mafundi hawajafika. Piga magoti kama ulivyozoea, kupiga magoti hakuzuii mdomo. Mwulize kwa nini yeye huigonga kazi ya mwanafunzi kwa nyundo. Atakueleza mwenyewe kwamba juu panaweza kung'aa na chini pana matundu, na kwamba ni heri chuma kivunjike mbele ya fundi kuliko barabarani na mzigo wa watu. Hapo mwambie wazi: "Baba, maneno unayo, masikio bado. Nilikuficha, nisamehe."

Majibu uliyomwandikia, yaweke kando. Mfundishe akiwa kazini: mwulize kwa Kifaransa ameshika nini, nani amekuja, chuma ni cha moto au cha baridi. Ajibu kwa neno moja, mradi liwe lake. Kisha mwombe aliyekuwa mwalimu wako Iringa ampigie simu na kumwuliza maswali asiyoyajua. Akikwama, mtihani usogezwe mbele na ng'ombe wabaki zizini. Wakala asiyeweza kusubiri fundi ajifunze, huyo si wa kuuziwa ng'ombe.

Baba yako atanuna. Pengine jioni ya kwanza hutaliona lile shati safi. Vumilia, usimfuate na maneno matamu. Mtu aliyejengwa kwa kugongwa kazi yake hachelewi sana kurudi.

Na akirudi kukaa mbele yako, mwulize ana watoto wangapi. Akikujibu habari za vyuma, usiseme vizuri. Sema, "Baba, tugonge tena."