Daftari la Kitalu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi zamu za hospitali, na ile miguu yako inayovimba ukisimama sana? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila ukimuuliza anasema ni vumbi tu. Baba anauliza kama lile sweta lilikutosha.

Uliniuliza habari za bustani ya shule, nami nimekawia kukujibu. Unajua mwalimu wetu wa biolojia anavyosema kwamba bustani haina likizo. Mwaka mzima tunafundishwa humo: kidato cha kwanza hupima miche kwa rula, sisi wa cha tatu tunakokotoa asilimia ya mbegu zilizoota, na shule ikifungwa tunapeana zamu za kumwagilia. Mwenye zamu huandika alichofanya katika daftari lililoning'inizwa kwenye mlango wa stoo.

Mtunza bustani tulimwita Profesa, maana hukumwonyesha jani akakosa la kusema. Ni mtu pekee pale shuleni niliyezungumza naye bila kuinamisha kichwa. Alinitania kwamba nashika jembe kama ninayeliomba radhi, na kwamba siku nikiolewa nitamtanguliza mbele mbeba vitabu, masufuria yatafuata yakipata nafasi. Nilicheka mpaka nikasahau haya zangu.

Likizo iliyopita kitalu kilikuwa na miche mia mbili ya kabichi. Jumatatu Profesa alinyunyiza dawa ya wadudu, kisha akapewa ruhusa ya siku nne kumuuguza dada yake. Aliporudi Jumamosi alikuta miche yote imekauka. Mwalimu alipofika, Profesa alimwambia kwamba udongo ule haujaona maji. Mwalimu akafungua daftari akasoma kwa sauti: asubuhi ndoo mbili, jioni ndoo mbili, miche ina afya, siku baada ya siku. Akasema maji yalikuwepo, basi kilichozidi ni dawa.

Profesa alilitazama lile daftari. Kisha akasema, taratibu, kwamba kama limeandikwa hivyo, basi mikono yake imezeeka na kipimo kimemponyoka. Mkuu wa shule akasema mtu anayekosea sumu hawezi kukaa karibu na watoto. Kufikia Jumatatu alikuwa ameondoka. Shule ilipofunguliwa, mwalimu akawaonyesha kidato cha kwanza zile kurasa, akawaambia hivyo ndivyo kumbukumbu zinavyotunzwa.

Dada, zamu ile ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimeazima kitabu kinene maktabani. Jumanne nilijiambia nimalize sura moja kwanza. Jumatano jua liliwaka nami sikutoka kitandani. Ijumaa jioni ndipo nilipokwenda, nikaikuta miche imelala. Nikaketi pale pale mlangoni pa stoo nikaandika siku zote nne kwa mkupuo mmoja, nikibadilisha kalamu ili wino usifanane. Profesa aliposema udongo haujaona maji, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika ndoo. Sikufungua mdomo.

Jana nilimweleza mwalimu. Hakunigombeza. Alivua miwani, akakaa juu ya mfuko wa mbolea, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Leo mkuu wa shule amesema Profesa arudi, lakini simu yake haipatikani. Tunachojua ni kwamba amehamia kwa binti yake, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na lango la hospitali yenu.

Nakuomba uende, dada. Profesa hajui kusoma. Aliniambia mwenyewe siku moja, akaniomba nisiwaambie wanafunzi. Kwa hiyo msomee barua hii, yote, na bintiye akiwepo asikie. Usiruke pale pa kalamu. Usimwambie kwamba mimi bado mtoto. Akikataa kurudi, usimbembeleze. Nataka tu ajue kwamba hakukosea kipimo.

Mama na Baba sijawaambia. Nitawaambia leo baada ya chakula. Niombee ulimi usinikwame. Wasalimie wauguzi wenzako, na ukipata nafasi uweke miguu juu ya mto.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba