Sauti ya Mama Redioni

Barking, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na baba ni mzima. Mimi sijambo, ila tangu Ijumaa sina raha.

Nilikuwa namvalisha soksi bibi mmoja ninayemhudumia, redio imewashwa, ile stesheni ndogo ya Southall, huku huku London. Ukapigwa wimbo wa roki wa zamani, ule mtindo wa new wave, gitaa kali na kinanda cha umeme. Mwanamke anaimba Kiingereza. Katikati muziki ukapungua, akasema kwa Kiswahili, "Njoo ndani, mvua hiyo." Soksi ikanidondoka. Ndivyo ulivyokuwa ukiniita utotoni.

Mtangazaji, Deepa, anasema aliikuta santuri hiyo kwenye duka la mitumba. Ni ya 1983, haikuwahi kuvuma. Mwimbaji ameandikwa "Resty" tu. Najua ulisomea uuguzi hapa. La kuimba hukuniambia. Ni wewe?

Mwanao,
Vaileth

Barking, 22 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo tena. Wiki saba hujajibu, na nikipiga simu unasema mtandao mbaya. Baba anasema huumwi, umekuwa kimya tu.

Deepa anaupiga wimbo kila asubuhi. Wasikilizaji wakaomba urudiwe, stesheni kubwa zikauchukua, na sasa umo katika nyimbo kumi bora nchini. Nausikia hata dukani. Mpiga gitaa, mzee sasa, kahojiwa. Alisema, "Mtafuteni Resty. Tulimkosea." Walikukosea nini?

Mwanao,
Vaileth

Bukoba, 9 Mei 2024

Vaileth mwanangu,

Marahaba. Goti linauma asubuhi tu. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Ni mimi. Tulirekodi Croydon, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Meneja wetu alisema amepeleka santuri redio zote, hakuna iliyoipiga. Akatamka mbele ya wenzangu, "Wanasema kasoro ni sauti yake." Hakuna aliyenitetea, hata huyo wa gitaa, na tulikuwa tumeahidiana ndoa. Nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo sijaimba. Kanisani nachezesha midomo. Baba yako hajui lolote. Usimwambie.

Mama yako,
Restuta

Barking, 27 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Tafadhali keti kwanza.

Nilikwenda Southall kwa Deepa, nikamkuta mpiga gitaa. Nilipomsomea barua yako kwa Kiingereza alijifunika uso. Akaniambia santuri hazikupelekwa redio yoyote. Meneja alizifungia stoo. Zilikutwa humo alipofariki, maboksi hayajafunguliwa, zikauzwa kwa duka la mitumba. Mama, hakuna redio iliyokukataa. Ya kwanza kukusikia ni ya Deepa, na iliupiga wimbo wako siku hiyohiyo.

Mwanao,
Vaileth

Bukoba, 18 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sikuketi ulivyoniomba, niliisoma nimesimama, nikajikuta sakafuni. Miaka arobaini na mmoja nimenyamaza kwa uongo wa mtu mmoja.

Nilimweleza baba yako yote. Siku mbili alishinda shambani. Ya tatu akauliza, "Yule wa gitaa, ulimpenda?"

"Nilimpenda."

Akachukua jembe. Mlangoni akasema, "Basi imba. Mimi naenda shambani."

Nilingoja kidogo, nikaanza. Sauti ilikwaruza, ubeti wa pili ikafunguka. Nilipomaliza nikafungua mlango nimwage maji, nikamkuta amesimama palepale kizingitini, jembe begani, kofia mkononi. Hakuwa amekwenda popote.

Mama yako,
Restuta