Aliyesimama Kwenye Kalenda

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila salamu. Hata huko uliko ungenirudishia karatasi na kuniambia nianze upya kama mtu aliyelelewa. Nimekaa hapa kihambani, shambani kwetu chini ya migomba, hatua chache kutoka ulipolala, kwenye kile kigoda chako ambacho mama amekataa kukigawa. Ni alasiri. Mlima umejifunika tangu asubuhi na shingo inaniuma kwa kuutazama. Naogopa, baba. Nakwambia mapema, maana unanijua, nikiwa na kosa huwa naanza na habari za migomba.

Gaspar amepanda leo. Mdogo wangu yule uliyekuwa ukimwita mguu wa mbuzi, sasa ndiye mwongozaji mkuu, na ameongoza wageni wanne kwa ratiba niliyoiandika mimi. Ratiba ya siku tano. Ndiyo, umesikia vizuri, tano. Usininunie kwanza, nisikilize.

Unakumbuka ulivyonipeleka mjini kuniombea kazi? Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, wewe umeanza kupandisha wageni mwaka mzima, na kampuni za utalii zinaota Moshi kila kona, hata aliyekuwa anauza misumari akawa na kampuni. Ulivaa koti la kanisani siku ya kazi. Ukamwambia bosi, "Binti yangu amemaliza kidato cha nne, na taipureta anaipiga kama mvua ya mawe." Uongo mtupu! Nilikuwa natafuta herufi moja moja kwa kidole kama kuku anayedonoa. Bosi akanichukua kwa sababu yako, maana hakuwa na mwongozaji mwingine ambaye wageni walimwandikia barua za Krismasi.

Ofisi ile iko juu ya duka, ngazi ishirini na mbili, na pale zinapokata kona kulikuwa na kalenda ya duka la vipuri. Kalenda ya mwaka uliokwisha pita, yenye picha ya trekta. Siku yangu ya tatu kazini nilitaka kuitoa, nikidhani nafanya usafi. Ukaniwahi. "Iache hiyo. Hiyo ndiyo daktari wetu."

Nilicheka, ukanikalisha kwenye benchi kule juu, ukaniambia ninyamaze nisikilize. Kundi la wageni likaanza kupanda. Viatu vikaja, vikaja, kisha jozi moja ikakoma kwenye kona. Ukaninong'oneza, "Unaona? Mtu hatoki Ulaya kuja kutazama trekta. Pumzi imekata, anaona haya kusema." Ukanifundisha nisimwulize mgeni kama ana nguvu, kwa sababu kwa mdomo hakuna mgeni asiye na nguvu. Niwasikilize wakiwa ngazini. Atakayesimama kwenye kalenda, kundi lake liongezewe siku ya kupumzika kwenye kambi ya Horombo kabla ya kupanda kambi ya Kibo, hata kama bosi atapiga kelele hadi asikike Himo. Tangu siku ile hukuwahi kuanza safari bila kuniuliza kama kuna aliyesimama, na mimi nilikujibu kweli kila mara isipokuwa mara moja.

Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa, wewe uko huku nyumbani, hukuwepo kwenye benchi. Wakaja watatu, mume na mke na rafiki yao. Yule mama alikuwa na kitambaa cha kijani shingoni. Akasimama kwenye kalenda. Akapanda ngazi nne, akarudi chini kama aliyesahau kitu, akasimama tena. Mara mbili, baba. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Nikaandika siku sita. Bosi akaichomoa karatasi kwenye mashine, akasema hao wana ndege ya kuwahi, andika tano, na kama siwezi kuandika tano wapo wanaoweza. Wiki ile alikuwa amemfukuza msichana mwenzangu kwa kuchelewa. Nikaandika tano.

Ulikuja asubuhi kuchukua ratiba, kucha bado nyeusi kwa kahawa. Ukaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, ukafika mwisho ukarudi juu. Kisha ukaniuliza, "Kuna aliyesimama kwenye kalenda?"

"Hakuna, baba."

"Basi vema." Ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukaondoka. Hukuniuliza mara mbili kwa sababu mimi ni mwanao.

Mengine unayajua wewe kuliko mimi. Mimi najua tu yaliyorudi nyumbani. Kwamba alizidiwa Kibo, kwamba mliteremka naye kwenye ile machela ya gurudumu moja, wewe ukiishika mbele kwa sababu hukumwamini mwingine na mawe yale, na kwamba alikata roho kabla hamjafika Horombo. Ulifika hapa ukapita mlango bila kuingia, ukaenda kwenye mfereji kunawa mikono iliyochubuka. Ulinawa muda mrefu mno. Mama akakupikia mtori, ukaulaza bila kuugusa. Watu wakaja kukupa pole, wakasema mlima haukumpenda, mipango ya Mungu. Na mimi nikasema hivyohivyo, tena kwa sauti, nikiwa nimeshika sufuria ya chai. Yesu na Maria! Hata aibu sikuwa nayo.

Sikukwambia. Mwezi ukapita, nikasema nitamwambia Pasaka. Pasaka ikaja ukaanza kukohoa.

Siku unayoijua zaidi ni ile ya mwisho ulipokuja ofisini, kumleta Gaspar kwa bosi ashike nafasi yako. Gaspar alitangulia kwa kukimbia. Nikawa nazisikiliza hatua zako ngazini, maana masikio yangu ulishayafundisha. Moja, moja, moja. Zikakoma. Mungu wangu, baba, zilikoma kwenye kona. Nikatoka nikakuta umeshika ukuta, uso umeuelekeza kwenye trekta. Hukunigeukia. Ukasema taratibu tu, kama mtu anayeulizia njia, "Hapa ndipo aliposimama yule mama?"

Nikakuuliza, "Nikuletee maji?"

"Lete."

Ukanywa glasi yote, ukanirudishia, ukapanda zilizobaki. Hukuuliza tena hadi tukakulaza hapa. Kila nikifikiria jambo hili natamani ungenizaba kofi. Ungenizaba kofi ningelia, ningesema, tungemaliza. Wewe ukaniachia glasi.

Sasa sikiliza yaliyotokea, na kwa hili sina bosi wa kumsingizia.

Wiki hii walikuja wanne. Mmoja ni mzee, mwalimu mstaafu, mpole, amejifunza maneno matatu ya Kiswahili na yote ameyaleta. Alinipa shikamoo! Mimi! Ofisi nzima ikaangua kicheko, nami nikaitikia marahaba kwa heshima zote. Lakini kabla ya kicheko hicho nilikuwa nimemwona. Taipureta imeondoka, tuna kompyuta, bosi ana simu mbili kiunoni, ila ile kalenda bado ipo, trekta imepauka hata huijui rangi yake. Mzee alikuwa amesimama pale, kiganja ukutani, kifua kinapanda na kushuka. Akaniona namwangalia. Akatabasamu, akanyoosha kidole, akasema, "Nzuri."

Bosi akasema siku tano. Hata hakunitisha, baba. Alisema tu kama anayeagiza chai, na vidole vyangu vikaandika. Asubuhi ya leo Gaspar alipokuwa anawapangia wagumu, wapagazi wetu, mizigo yao, akapanda mbio kuchukua karatasi. Akaisoma kwa kidole. Hajui hata kwamba anasoma kama wewe. Akaniuliza, sauti ileile, "Dada, kuna aliyesimama kwenye kalenda?"

Mdomo ukasema hakuna. Neno lilikuwa limekaa tayari, miaka yote lilikuwa limekaa tu linangoja kuulizwa.

Akacheka, akasema basi vema, akateremka. Nikasikia gari linaondoka.

Nilimpigia Gaspar, simu yake haikupatikana, nikapiga getini, kwenye lango la hifadhi. Askari akanisikiliza vizuri, kisha akasema karatasi yenye muhuri imeandikwa tano, na yeye hawezi kumzuia mgeni kwa habari ya kalenda. Kama ratiba imebadilika, niilete karatasi. Basi nimeiandika. Siku sita, na muhuri nimeupiga mwenyewe, bosi yuko Arusha. Akirudi najua atafanya nini, na afanye. Leo wanalala kambi ya Mandara. Kesho wanafika Horombo, na keshokutwa asubuhi ratiba yangu inawatoa pale na kuwapeleka Kibo bila kupumzika. Nina siku moja tu ya kuwafikia, kutoka getini hadi Horombo, njia ambayo wao wanaigawa siku mbili.

Mama amenikuta napaka mafuta viatu vyako. Akaniuliza nakwenda wapi na viatu vya baba yangu. Nikasema kazini. Akaviangalia, akaniangalia, akaingia jikoni kunifungia kiburu, ndizi na maharage, cha njiani. Mama akifunga chakula bila kuulizwa ujue amehesabu mambo. Barua hii nitamwachia mezani aisome nikishaondoka, wala sitaificha kwa yeyote atakayeiulizia.

Nikueleze na lingine, kwa kuwa leo sikufichi. Mchana nilipokwenda dukani chini kununua bahasha ya kutia ile ratiba ya siku sita, nilirudi juu kwa haraka, na kwenye kona nikasimama. Nilikuwa natweta. Nilishika ukuta nikaitazama trekta, baba, na haikuwa kwa huzuni, ilikuwa pumzi. Miaka ya kukaa kwenye kiti imenipata. Ungekuwa kwenye benchi lako ungenizuia. Hakuna aliyekuwepo wa kusikia.

Wingu limefunguka kidogo sasa hivi, nimeona theluji mpya imeshuka chini kuliko kawaida ya mwezi huu, halafu limefunga tena. Jirani amepita akasema kule juu leo kuna upepo mbaya. Nimemwitikia tu.

Nitaondoka kukipambazuka, maana saa hizi getini hawaruhusu tena mtu kupanda. Ukiwa na la kusema kwa Mungu huko, sema kwanza la Gaspar na yule mzee, langu liwe la mwisho. Nikifika nitamwita mdogo wangu pembeni, nitampa karatasi, na kabla hajaifungua nitamwambia alisimama. Na yule mama mwenye kitambaa cha kijani naye alisimama, baba, mara mbili, palepale ulipoweka mkono wako.

Lala salama.

Binti yako wa kwanza, niliyekwambia hakuna,
Veronika