Mkwaju wa Lusiana Haukuwa wa Kugawana

Kijiji cha Nanganga,
Wilaya ya Ruangwa,
Lindi.

11 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Magreti,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo wewe? Shemeji hajambo na mgongo wake? Hilo baridi la Njombe linawaacha mpumue? Sisi huku wazima. Miguu yangu inauma asubuhi, ikipata jua inaacha. Tangu tumzike mume wangu Rogath nyumba imekuwa kubwa, lakini Mungu anatulaza na kutuamsha. Nakusalimu kwanza kwa sababu mama yangu alinifunza kwamba hata anayekuja kugombana hubisha hodi. Nimeshabisha. Sasa nisikilize.

Juzi nimekupigia simu ukanikatia. Baadaye ukasema ni mtandao. Mtandao gani huo unaokatika mtu akifika kwenye neno "mwizi"? Barua haikatiki, ndiyo maana nimeshika kalamu. Utaisoma mpaka chini.

Mila naijua, wifi. Mume akifa, alivyopanda vinakwenda kwa wapwa zake. Tulipomaliza msiba, Linus wako akachukua mikorosho ya kaka yako kule Narung'ombe, nikanyamaza. Akachukua baiskeli, nikampa na pampu yake. Nani alinisikia mimi Brigita nikiguna? Ndipo mwanao akasimama barazani, jicho likatua kwenye mkwaju mdogo wa binti yangu Lusiana, ule wa kwenye sinia la saruji, ambao urefu wake hata goti haufiki.

"Na huu kaupanda nani?"

Mtu mmoja mdomo ukamwasha, akasema mbegu ilikuwa ya marehemu. Mzee Saturnini, mjomba wenu aliyekuwa anasimamia ugawaji, akasema, "Basi ni wa ukoo. Mti ni mti, hatukusema mti mkubwa." Watu wakacheka. Mwingine akasema huo hata mbuzi hashibi. Lusiana alikuwa jikoni anawapakulia ugali hao hao wanaocheka. Anatoka, anakuta mti umeshatiwa kwenye kiroba kilichokuwa na salfa ya kupulizia mikorosho, kichwa nje kama kuku anayepelekwa gulioni.

Sasa nikwambie ulichopelekewa, maana naona hukijui. Kokwa ile Rogath aliitema tu, ikaota kwenye kopo. Lusiana alikuwa darasa la tano. Tangu hapo, mvua zikikaribia, anautoa, anapunguza mizizi, anaurudisha kwenye mchanga wa mtoni alioupepeta mwenyewe. Matawi anayazungushia waya wa shaba uliotoka kwenye mota iliyoungua, anayapinda taratibu, na kabla waya haujala gome anaufungua. Alianza kwa akili yake, kisha siku moja akaona kwenye simu kwamba duniani kuna watu wa kazi hiyo, wanaiita bonsai. Akaja mbio, "Mama, kumbe mimi siyo kichaa!" Mwanangu huyo! Kwenye maonyesho ya Nane Nane kule Ngongo watu waliwaacha ng'ombe wa maziwa wamesimama, wakaja kupiga picha na mkwaju wake. Nachingwea mjini wenye nyumba za wageni wanamwita kwa jina. Sijisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wewe hukuwepo.

Na kaka yako alipoishiwa nguvu, aliomba kiti chake kiwekwe karibu na mti huo. Lusiana anakata, yeye anamwambia, "Hapo acha, hapo pameshakaa." Walikuwa wanabishana kwa tawi moja asubuhi nzima. Usidhani alikuwa anachezea kijiti.

Ninyi mkaufanyaje? Linus kanitumia picha bila haya: mti uko sebuleni kwako, juu ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya televisheni, na maua ya plastiki umechomekwa! Waya kaung'oa kwa koleo, eti mti tuliufunga kama mwizi. Tawi la kushoto limevunjika, nimeliona, msinifiche. Kisha wewe kwenye simu, kabla huo mtandao wako haujakatika: "Wifi, niliuonea huruma, mlikuwa mnaulaza njaa. Nimeuhamishia kwenye ndoo, nikaujazia samadi ushibe." Ushibe! Magreti, huyo siyo mtoto aliyedumaa. Ni mti mzima, umri wake unaizidi ndoa ya Linus. Umemlisha mgonjwa wa tumbo pilau la harusi.

Halafu unashangaa majani yanapukutika. Huo ni mti wa joto, umezoea jua la Nanganga, wewe unaulaza Njombe mwezi wa sita.

Nilitaka niishie hapo nikutukane vizuri, lakini Lusiana amekaa hapa pembeni, anasema, "Mama, waambie kwanza la kufanya." Haya. Samadi yote iliyo juu itoe kwa mkono, polepole, mizizi usiiguse. Maji usiyamwage kila ukipita. Gusa udongo kwa kidole, ukikauka juu ndipo utie, na toboa hiyo ndoo chini yasisimame. Asubuhi jua likishapata nguvu mti utoke nje, jioni uingie jikoni, mbali na moshi. Usiku majani yatajikunja. Yamelala tu, usipige yowe ukamwagia maji. Na hayo maua ya plastiki, wifi, kayachomeke kwako.

Sasa nirudi kwenye mila, maana mlinipiga nayo nikiwa na kitambaa cha msiba kichwani. Linus ni wa ukoo wako. Mbegu ni ya mumeo, lakini mtoto ni wa upande wa mama aliyembeba na kumlea. Ndiyo maana amerithi kwa Rogath, sivyo? Basi chagua. Kama mwenye mbegu ndiye mwenye haki, Linus akarithi kwa baba zake, anirudishie mikorosho. Kama mlezi ndiye mwenye haki, huo mkwaju kaulea nani?

Jumapili baada ya misa nilimfuata Mzee Saturnini, nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka mpaka akakohoa. "Brigita, mbona siku ile hukuyasema haya?"

"Siku ile nilikuwa namlilia mume, mzee."

Hakucheka tena. Amesema mti urudi.

Kwa hiyo Lusiana anakuja huko mwenyewe, barua hii inamtangulia na basi. Atakaa kwako mpaka mti utakapoweza kusafiri, na siku hiyo ataisema yeye. Kitanda mnacho. Linus ndiye atakayekuwa anautoa nje asubuhi na kuuingiza jioni, kwa mikono ile ile iliyoubeba. Mti ukiwa umekufa kabla hajafika, usiutupe, mwache auone.

Usimwombe radhi mbele za watu, atalia, naye hapendi kuonekana analia. Mpikie chai ya tangawizi, mwonyeshe mti ulipo, umpishe. Ugomvi wote nimeumwaga humu kwenye karatasi, yeye haji na hata neno moja. Anakuja na mkasi wake tu.

Nisalimie shemeji Alfred, na mke wa Linus, Prisila, mwambie asijali, mume wake nampenda ila mikono yake mirefu. Korosho za kukaanga Lusiana atakuja nazo, najua unazipenda.

Mungu aliyemchukua Rogath awatunze ninyi damu yake mliobaki, na awape jua angalau la adhuhuri.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na hasira zangu,

Brigita, mama Lusiana