Pigo Katika Wodi ya Homa

Jumatatu, 2 Septemba 1957
Aspirini imekwisha tena. Tumebaki na maji ya moto, chumvi, vitambaa vya baridi. Homa hii mupya inaingia hapa Nchelenge, kando ya ziwa, na kila mashua. Wagonjwa wanalala chini kati ya vitanda. Bernadeta, muuguzi mwenzangu, anakohoa pia, lakini anafanya kazi. Miguu yangu imevimba.

Jumatano, 4 Septemba
Muvuvi mumoja, Chisenga, alimuleta bibi yake, mama ya mutoto wake, kutoka Kilwa, ngambo ya ziwa. Midomo yake ilikuwa imekwisha kugeuka rangi. Nilimupiga sindano. Akafa mbele ya saa sita ya muchana kufika, mukono wake ndani ya wangu.
Chisenga hakulia. Aliuliza tu, "Sindano ilikuwa ya nini?" Nikamueleza: ya kusaidia pumzi. Aliniangalia sana. Nimeogopa macho yale.

Ijumaa, 6 Septemba
Naandika kwa taabu. Jana Chisenga alirudi. Nilikuwa nimeinama, namunywesha mugonjwa uji. Kafi lake la mashua lilinipiga begani, halafu kichwani. "Uliua bibi yangu na sindano! Uliua!" Bernadeta alipiga kelele, wanaume wakamushika. Wagonjwa wengine waligeuza uso ukutani. Hilo linauma kuliko bega. Wanaamini kama yeye.
Munganga muzungu alishona kichwa changu. Akasema mutu yule ana uchungu, aachwe aende. Basi ameenda. Mimi nimebaki.

Jumapili, 8 Septemba
Sikuenda kusali. Kanisa letu lina mulango nyuma ya viti; anayeingia simuoni.

Jumanne, 10 Septemba
Nimerudi kazini. Naweka mugongo ukutani. Sahani ikianguka, nakosa pumzi. Kikombe kimenivunjikia mukononi. Mama mumoja alipoona sindano alivuta blanketi mpaka juu ya kichwa.
Kila mwanaume anayeinama kuingia ni Chisenga. Bibi yake pia namuona. Anakaa pale alipofia.

Alhamisi, 12 Septemba
Chisenga amekuja kweli. Muchana, wodi imejaa. Alibeba mutoto wake wa kike, mwili moto kama jiko. Nilikimbia. Nilijifungia stoo, nikakaa chini.
Bernadeta akagonga. "Dada, mutoto anakufa. Peke yangu sitaweza."
Nikatoka. Nikamuambia Chisenga akae inje, pale ninapomuona kwa dirisha. Akakaa juu ya udongo. Kifua cha mutoto kilikuwa kinalia. Alihitaji penisilini. Nikamuonyesha baba yake sindano kwa dirisha.
"Nimupige ao nisimupige?"
Mutoto anahema, yeye anakawia.
"Piga, mama."
Nilimuchukia sana pale. Nikapiga.

Jumatatu, 16 Septemba
Mutoto amepona. Wamerudi Kilwa na mashua ya asubuhi. Chisenga hakuomba musamaha. Bernadeta anasema nimusamehe tu. Siwezi, bado.
Nimemuambia munganga: mulinzi akae mulangoni, ao naacha kazi. Amekubali.

Jumapili, 22 Septemba
Upepo mudogo. Nilienda ziwani kufua. Mutu akakanyaga muchanga nyuma yangu. Niligeuka mbio, nguo ikanitoka mukononi, maji yakaichukua.
Ni mama mumoja na ndoo yake tu. Aliingia majini mpaka magotini, akaniletea nguo. Akanisalimu kwa Kibemba. Nikaitikia. Akajaza ndoo, akaenda.
Nilihamia jiwe lingine. Nikafua zilizobaki, uso ukiangalia njia.