Jina la Mama kwenye Kigae

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimetoka kazini mikono inanuka katoni, moja kwa moja kwa Elvira. Ni jirani yangu hapa ughaibuni, mtaa wa Iroquois, Mmeksiko. Anatufundisha vigae vya udongo: fuvu lenye maua, chini yake jina la marehemu wako. Mwisho wa mwezi vitabandikwa ukutani kwake, waliokufa wakumbukwe, ndiyo desturi ya kwao. Fuvu langu pua imepinda. Nimeandika NABINTU. Mama yangu. Tulimzika porini tukikimbia vita, hata msalaba hakuna. Nimelia mbele ya watu, sikuona haya.

Jumamosi, 19 Oktoba
Kigae kimetoka tanurini. Kizuri, jamani! Nimemtumia Dada Furaha picha, kule Columbus.

Jumapili, 20 Oktoba
Dada amepiga simu mara tisa, nikiwa kanisani. Nilipotoka nikapokea. "Wewe una akili? Nabintu si mtoto wako? Na mimba ile!"
Mungu wangu. Binti yangu nilimpa jina la Mama. Nyumbani tunamwita Mama tu, kwa heshima, mpaka nikasahau kwamba ndilo jina lake. Yuko Buffalo, anajifungua mwezi ujao. Nami nimemwandika chini ya fuvu, kama marehemu.
"Kivunje," Dada kasema.

Jumatatu, 21 Oktoba
Nimeshika nyundo. Nimeiweka chini. Hakuna mahali pengine duniani jina la Mama limeandikwa. Nikivunja, namtupa tena porini. Nisipovunja, mtoto akapatwa na neno? Mimi ni mtu wa maombi, donc sipaswi kuogopa. Naogopa.

Jumatano, 23 Oktoba
Sili vizuri. Kazini nimebandika lebo kichwa chini, boksi zima.

Alhamisi, 24 Oktoba
Bon, nimempigia binti, nimemwambia yote. Nilingoja anikasirikie. Kacheka, kajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna shida. Halafu, kwa Kiswahili:
"Mama, yeye alikufaka namna gani? Haujaniambiaka."
Miaka ishirini na mbili nimembebesha jina, mwenye jina nikamficha. Aibu imenikamata. Nimemweleza. Homa, mvua, siku tatu mgongoni kwangu. Alilia. Nililia. Hakukata simu.

Jumamosi, 26 Oktoba
Kigae nimempa Elvira, kiko ukutani.
Dada amepiga. Jana nilimsimulia niliyomweleza binti, alininunia. Leo anasema nilisahau jambo: Mama aliogopa bata, alikuwa akiwakimbia huku anacheka. Mtoto aambiwe na hilo.
"Mwambie mwenyewe," nikasema.
Tangu saa nne simu ya binti inatumika, ya Dada pia. Nimeinjika maharage, nangoja zamu yangu.